Hitilafu au mkono wa mtu? Kazi ya afisa wa operesheni za anga za juu

Mtu akisikia kwamba fulani ni afisa wa jeshi anayeshughulikia anga za juu, picha inayomjia ni ya mwanaanga mwenye vazi jeupe akielea nje ya chombo. Picha hiyo iko mbali sana na kazi yenyewe. Jeshi la Anga za Juu la Marekani, lililoundwa rasmi tarehe 20 Desemba 2019, lina wanaanga wa kuhesabu kwa vidole. Mike Hopkins alihamishiwa humo Desemba 2020 akiwa tayari yuko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Nick Hague akawa wa kwanza kurushwa akiwa mwanajeshi wa jeshi hilo, Septemba 2024. Wenzao karibu wote hufanya kazi wakiwa wamekanyaga ardhi, wengi katika vyumba visivyo na dirisha, na hustaafu bila kuwahi kufika juu kuliko ndege ya abiria inakofika.

Basi wanafanya nini? Wanaendesha setilaiti, wanafuatilia vipande vya vyuma vinavyoizunguka dunia, wanatahadharisha makombora yanaporushwa, wanalinda mawasiliano. Lakini ukichambua kila moja ya kazi hizo utakuta chini yake swali moja, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalomtenganisha afisa huyu na fundi wa mitambo: kilichotokea sasa hivi huko juu ni hitilafu tu, au kuna mkono wa mtu? Akiita hitilafu kuwa shambulio, anaweza kuisogeza nchi yake kwenye ukingo wa vita. Akiita shambulio kuwa hitilafu, adui amepata mwanya. Mafunzo, uhamisho na vyeo vya afisa huyu vinaeleweka vizuri zaidi ukivitazama kupitia swali hilo.

Jua lilipofanana na adui

Tarehe 23 Mei 1967, rada kubwa tatu za Marekani zilizojengwa kutahadharisha makombora ya Kisovieti zilivurugika kwa wakati mmoja. Moja ilikuwa Alaska, nyingine Greenland, ya tatu Uingereza. Katika fikra za kijeshi za miaka ile, mtu anayepofusha rada za namna hiyo kwa makusudi anajiandaa kupiga. Makamanda wakaanza kuziweka tayari ndege za kubeba silaha za nyuklia. Kilichowazuia kwenda mbali zaidi ni watabiri wa hali ya jua wa Jeshi la Anga, kitengo kilichokuwa bado kichanga, ambao waliona kwamba jua lilikuwa limelipuka kwa nguvu isiyo ya kawaida na mawimbi yake ya redio ndiyo yaliyozijaza rada zile. Taarifa yao ikafika juu kwa wakati.

Miaka 16 baadaye ikawa zamu ya upande wa pili. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha Serpukhov-15, kusini mwa Moscow, akisimamia mfumo mpya wa setilaiti za Kisovieti ulioitwa Oko. Mfumo ukatangaza kwamba kombora moja limerushwa kutoka Marekani. Kisha jingine. Hatimaye yakafika matano. Hali ya dunia ilikuwa mbaya: wiki tatu tu kabla, ndege ya kivita ya Kisovieti ilikuwa imeitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini. Petrov alipima mambo machache aliyoyajua. Nani anaanzisha vita ya nyuklia kwa makombora matano? Rada za ardhini zilikuwa hazijaona kitu. Mfumo wenyewe ulikuwa mpya na hakuuamini kikamilifu. Akawaarifu wakubwa wake kwamba ni ishara ya uongo. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba mwanga wa jua ulikuwa umeakisiwa na mawingu ya juu kwa pembe iliyozidanganya setilaiti.

Watu husimulia kisa cha Petrov kama kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwepo. Mimi nakiona zaidi kama kisa cha ujuzi. Alijua jinsi mfumo wake unavyoona, alijua udhaifu wake, alijua jinsi shambulio la kweli lingefanana, na alikuwa na chanzo cha pili cha kulinganishia. Hayo manne ndiyo mtaala mzima wa afisa wa operesheni za anga za juu hadi leo, hata kama vitabu vya mafunzo vimegawanya kwa majina mengine.

Kwa nini ni vigumu kujua

Kwenye vita ya nchi kavu, daraja likivunjika unaweza kupeleka mtu akaangalie. Setilaiti ya mawasiliano iliyo kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, ya kilomita 36,000 juu ya ikweta haitembelewi na mtu. Afisa anachopata ni namba: joto la betri, mkao wa paneli za sola, nguvu ya ishara, mwitikio wa amri. Kutokana na namba hizo ajenge picha ya kilichotokea.

Mnamo Aprili 2010 setilaiti ya kibiashara ya Galaxy 15 iliacha kusikiliza amri kutoka ardhini huku ikiendelea kurusha mawimbi yake, ikaanza kuteleza kando ya obiti na kupita karibu na majirani zake. Ilidhibitiwa tena mwishoni mwa Desemba mwaka huo, baada ya betri yake kuisha na mitambo kujiwasha upya. Fikiria kitu hicho hicho kingetokea kwa setilaiti ya kijeshi, wakati wa mvutano mkali kati ya nchi mbili kubwa. Mambo yanayoonekana kwenye kioo cha kompyuta yangekuwa yale yale. Maana yake ingebishaniwa usiku kucha.

Na upande mwingine upo. Mwaka 2017 setilaiti ya Urusi iitwayo Luch-Olymp iliisogelea Athena-Fidus, setilaiti ya mawasiliano ya kijeshi ya Ufaransa na Italia. Waziri wa Ulinzi wa Ufaransa wakati huo, Florence Parly, aliliweka jambo hilo hadharani Septemba 2018 na kuliita ujasusi. Hakuna kilichovunjwa wala kuzimwa. Ilisogea tu, ikakaa karibu. Afisa anayefuatilia mienendo ya namna hiyo anatakiwa kueleza nia ya chombo ambacho hakiongei, akitumia historia ya safari zake: kilikaa karibu na nani mwaka jana, kilisogea lini, kilichagua upande gani wa mwanga wa jua ili kuona bila kuonekana vizuri.

Kuna mfano wa tatu, wa shambulio ambalo halifiki hata angani. Tarehe 24 Februari 2022, saa moja hivi kabla majeshi ya Urusi hayajaingia Ukraine, wadukuzi walifuta programu ndani ya modemu za mtandao wa setilaiti ya KA-SAT ya kampuni ya Viasat. Maelfu ya wateja Ukraine na kwingineko Ulaya wakakatika, na nchini Ujerumani mitambo ya umeme wa upepo ipatayo 5,800 ikapoteza mawasiliano ya kuifuatilia kwa mbali. Setilaiti yenyewe ilikuwa salama kabisa. Mwezi Mei mwaka huo Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya zilitaja hadharani kwamba Urusi ndiyo iliyohusika. Tangu hapo ni vigumu kumtetea mtu anayesema kwamba afisa wa anga za juu hahitaji kujua mambo ya kompyuta.

Ndani ya zamu

Tuchukue GPS, mfumo wa setilaiti unaotupatia mahali na saa, kwa kuwa ndiyo inayomgusa kila mwenye simu. Setilaiti zake ziko karibu kilomita 20,200 juu, kila moja ikiizunguka dunia mara mbili kwa siku ikiwa na saa za atomiki ndani. Zinaendeshwa na Kikosi cha 2 cha Operesheni za Anga za Juu katika kambi ya Schriever, jimbo la Colorado. Vituo vya kuzisikiliza vimetawanywa duniani, pamoja na visiwa vya Ascension na Diego Garcia. Timu ya zamu huchukua vipimo vya vituo hivyo, huhesabu kila setilaiti iko wapi hasa na saa yake inakwenda vipi, kisha huipelekea kila moja data mpya. Kazi hiyo haina siku ya mapumziko, na ikifanyika vizuri hakuna anayeitambua.

Tarehe 26 Januari 2016 ilitambulika. Timu ilikuwa ikiistaafisha setilaiti ya zamani, SVN 23, iliyorushwa mwaka 1990. Kuiondoa kukaamsha kasoro katika programu ya mitambo ya ardhini, na baadhi ya setilaiti nyingine zikaanza kutangaza marekebisho ya saa ya dunia yaliyokosewa kwa maikrosekunde 13. Kwa binadamu huo si muda wa kitu chochote. Kwa mwanga, ni muda wa kusafiri karibu kilomita 4. Bahati ni kwamba kosa lilikuwa kwenye kiasi cha kulinganisha saa ya GPS na saa rasmi ya dunia, si kwenye hesabu ya mahali, kwa hiyo ramani za watu hazikupotoka. Lakini mitandao ya simu na vituo vya redio ya kidijitali, ambavyo huchukua saa yao kutoka GPS, vilianza kupiga kengele za hitilafu.

Napenda mfano huu kwa sababu hauna adui ndani yake. Afisa aliyekuwa kiongozi wa timu siku ile alipaswa kufanya yale yale ambayo angefanya chini ya shambulio: kugundua kwamba malalamiko yanayotoka sehemu mbalimbali yana chanzo kimoja, kutafuta chanzo hicho, kusimamisha kinachosambaza kosa, na kuwaambia watumiaji ukweli bila kuchelewa. Tofauti ni kwamba adui angekuwa anasoma taarifa yake pia.

Zamu za tahadhari ya makombora zina mwendo mwingine. Setilaiti za infraredi hazilioni kombora lenyewe. Zinaona joto la injini yake, na injini ikizima, hazina tena cha kuona. Kwa hiyo zamu ina dakika chache za moto wa kutazama, kisha hesabu ya wapi litaangukia. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Januari 2020, siku chache baada ya Marekani kumuua Jenerali Qassem Soleimani, Iran ilirusha makombora kuelekea kambi zenye wanajeshi wa Marekani nchini Iraq, hasa ile ya Al-Asad. Timu ya Kikosi cha 2 cha Tahadhari ya Anga za Juu, iliyokuwa kazini Buckley, Colorado, ikaona joto lile na kupeleka onyo. Waliokuwa kambini walikuwa wamekwisha kupata fununu za kijasusi na kuanza kujihami. Onyo kutoka juu liliwaambia kwamba yameshatoka. Hakuna mwanajeshi wa Marekani aliyekufa, ingawa zaidi ya 100 walikutwa na majeraha ya ubongo yaliyotokana na mtikisiko wa milipuko. Waliotoa onyo walikuwa bara jingine kabisa, na wengi wao walikuwa vijana.

Njia ya kufika hapo

Mlango wa kuingilia ni ule wa kawaida wa maafisa: chuo cha kijeshi cha Jeshi la Anga kilichoko Colorado Springs, mafunzo ya uafisa yanayofanywa sambamba na masomo ya chuo kikuu, au kozi fupi ya uafisa kwa aliyekwisha kuhitimu shahada. Tarehe 18 Aprili 2020 wahitimu 86 wa chuo cha Colorado Springs walikuwa kundi la kwanza kupewa kamisheni moja kwa moja katika jeshi jipya. Wengi hudhani kwamba lazima uwe mhandisi au mwanafizikia. Sayansi husaidia sana, na kwa baadhi ya nafasi ni sharti. Lakini wakuu wawili wa kwanza wa jeshi hilo wanaonyesha kwamba mlango ni mpana kidogo: Jenerali John Raymond alisomea utawala katika Chuo Kikuu cha Clemson, na Jenerali Chance Saltzman, aliyempokea kijiti Novemba 2022, alisomea historia katika Chuo Kikuu cha Boston.

Wote wawili wana jambo jingine linalofanana, nalo linaeleza mengi juu ya tabia ya kazi hii. Walianza kama maafisa wa makombora ya nyuklia ya Minuteman, Raymond katika jimbo la North Dakota na Saltzman huko Montana, wakikaa zamu chini ya ardhi karibu na ufunguo ambao waliomba usitumike. Kwa miaka mingi, hadi 2013, Jeshi la Anga liliwaweka watu wa makombora na watu wa setilaiti katika fani moja, na kijana angeweza kutoka kwenye shimo la kombora akaenda kuendesha setilaiti. Urithi wa utaratibu huo ni nidhamu kali ya kufuata orodha ya hatua: hatua ya kwanza, thibitisha, hatua ya pili, thibitisha. Kwa silaha za nyuklia nidhamu hiyo ni uhai. Kwa setilaiti inayosogelewa na chombo cha mpinzani haitoshi, kwa sababu mpinzani hakuandikwa kwenye orodha. Naamini sehemu kubwa ya mabadiliko yanayoendelea sasa ni jitihada ya kubakiza nidhamu ile huku afisa akirudishiwa uhuru wa kufikiri.

Mabadiliko hayo yanaonekana kwanza darasani. Zamani afisa mpya alipelekwa Vandenberg, California, akajifunza misingi ya obiti na uendeshaji kwa miezi michache, kisha akafundishwa mtambo mmoja mahususi. Tangu 2024 upo utaratibu mwingine: kozi ya miezi 12 kwenye kambi ya Peterson, Colorado, ambamo kila afisa mpya hujifunza operesheni za setilaiti, ujasusi na ulinzi wa mitandao ya kompyuta, vyote vitatu, kabla ya kupangiwa kituo. Ukirejea mifano ya Luch-Olymp na Viasat utaona sababu. Mtu anayejua obiti peke yake angeikosa moja, na anayejua kompyuta peke yake angeikosa nyingine.

Baada ya hapo ngazi inafanana na ya majeshi mengine ya Marekani. Luteni usu hupanda kuwa luteni baada ya miaka miwili, na kapteni baada ya miaka minne hivi. Miaka hii ya mwanzo ni ya kukaa kwenye mitambo: kufuzu nafasi moja ya zamu, kisha nyingine, kisha kuongoza timu. Kufuzu si jambo la mara moja. Mtu hupimwa tena na tena kwa mazoezi ya kuigiza ambamo msimamizi humtengenezea hitilafu moja baada ya nyingine na kutazama anavyozipanga. Makapteni wachache wanaochaguliwa hupelekwa kwenye Shule ya Silaha huko Nellis, Nevada, kwa karibu nusu mwaka, wakisoma jirani na marubani wa ndege za kivita na kupanga nao mapambano ya pamoja. Anayerudi kutoka Nellis huwa ndiye mwalimu wa kikosi chake.

Umeja huja karibu mwaka wa 10, na hapo kazi inageuka. Saa za kwenye mtambo zinapungua, za makao makuu zinaongezeka: kupanga operesheni, kununua setilaiti kupitia kamandi ya mifumo iliyoko Los Angeles, au kutumika katika ofisi ya taifa inayosimamia setilaiti za kijasusi, ofisi ambayo ilianzishwa mwaka 1961 na kuwepo kwake kukafichwa hadi 1992. Luteni kanali anaweza kukabidhiwa kikosi. Kanali anaweza kukabidhiwa delta, muundo unaobeba vikosi kadhaa vyenye jukumu moja, kama tahadhari ya makombora au vita vya mawimbi. Mwenye miaka 20 ana haki ya pensheni, na wengi huondoka hapo, kwani kampuni za setilaiti huwasubiri kwa hamu.

Luteni Jenerali Nina Armagno ni mfano wa safari ndefu zaidi. Alihitimu chuo cha Jeshi la Anga mwaka 1988, na ndiye mtu pekee aliyewahi kuongoza viwanja vyote viwili vikuu vya kurushia roketi, Vandenberg upande wa magharibi na Cape Canaveral upande wa mashariki. Uongozi wa kiwanja cha kurushia una mzigo wake: roketi ikipotoka njia na kuelekea penye watu, ni kiwanja kinachohakikisha kwamba inaharibiwa angani. Siku hizi roketi nyingi hubeba mtambo wa kufanya uamuzi huo zenyewe, lakini dhamana haijahama.

Usiri hufuata ngazi zote hizo. Simu huachwa nje ya mlango. Nyumbani mtu hawezi kusimulia siku yake ilivyokwenda, hata ilipokwenda vizuri. Ukubwa wa jeshi nao una athari: mwaka 2024 wanajeshi wake wote walikuwa hawajafika 10,000, kwa hiyo maafisa hujuana, sifa njema husambaa upesi na mbaya upesi zaidi. Mapadri, madaktari na wanasheria wake bado hutoka Jeshi la Anga. Sheria iliyopitishwa Desemba 2023 iliruhusu jambo ambalo majeshi mengine ya nchi hiyo hayana: kuondoa ukuta kati ya wanajeshi wa kudumu na wa akiba, ili afisa aweze kuhama kati ya kutumika muda wote na muda wa sehemu bila kubadili taasisi.

Nani anamwamuru nani

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, kwa kuwa kuna majina mawili yanayokaribiana. Jeshi la Anga za Juu ni lile la 2019. Kazi yake ni kuandikisha, kufundisha na kuvipa vikosi zana. Kamandi ya Anga za Juu ni chombo kingine: ilianzishwa mwaka 1985, ikavunjwa 2002, ikarudishwa tarehe 29 Agosti 2019, na ndiyo inayotoa amri za operesheni ikitumia watu wa majeshi yote. Jenerali James Dickinson aliyeiongoza hadi Januari 2024 alikuwa wa Jeshi la Nchi Kavu. Jenerali Stephen Whiting aliyempokea ni wa Jeshi la Anga za Juu. Afisa mmoja basi ana mlezi na ana mtumaji. Mlezi humfundisha na kumpandisha cheo. Mtumaji humpa kazi ya leo.

Tatizo la kipekee la anga za juu ni kwamba kazi ya leo haiishi. Manowari hurudi bandarini na mabaharia wakafanya mazoezi. Timu ya GPS hairudi popote. Kwa miongo kadhaa vikosi vya setilaiti viliendesha mitambo usiku na mchana bila muda rasmi wa kujifunza kupigana, na hilo halikumsumbua mtu sana kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwapiga. Saltzman alileta mzunguko mpya: timu hupitia kipindi cha kujiandaa, kipindi cha kuwa tayari, na kipindi cha kukabidhiwa kwa kamandi, huku wakiwa kwenye kambi ile ile. Kwenye karatasi inaonekana ni mabadiliko ya ratiba. Kwa kapteni, ina maana kwamba kwa mara ya kwanza ana majuma ya kukaa na timu yake na kuwauliza: mtu akianza kuzuia mawimbi yetu katikati ya amri, tutajuaje, na tutafanya nini?

Kwa nini sasa? Jibu fupi ni tarehe 11 Januari 2007. Siku hiyo China iliipiga kwa kombora setilaiti yake ya hali ya hewa, Fengyun-1C, ikatawanyika kuwa vipande zaidi ya 3,000 vinavyoweza kufuatiliwa, kwenye kimo ambacho vipande hukaa miongo mingi. Marekani nayo ilikuwa imewahi kuipiga setilaiti yake mwaka 1985, na ikaipiga nyingine 2008. India ikafuata Machi 2019. Tarehe 15 Novemba 2021 Urusi iliivunja Kosmos 1408 na kuacha vipande zaidi ya 1,500, ikiwalazimu waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa, wakiwemo Warusi wawili, kujihifadhi ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Ufaransa iliunda kamandi yake ya anga za juu mwaka 2019, Japani ikaunda kikosi chake 2020, Uingereza na Ujerumani zikafuata 2021. China ilipanga upya vikosi vyake vya aina hiyo Aprili 2024.

Kuna kazi moja katika haya yote ambayo naiheshimu kuliko nyingine. Tarehe 10 Februari 2009 setilaiti ya kibiashara ya Iridium iligongana na setilaiti mfu ya Urusi juu ya Siberia, na hakuna aliyekuwa amewaonya wenye Iridium. Baada ya ajali hiyo jeshi la Marekani lilianza kukagua hatari za mgongano kwa setilaiti zote zinazofanya kazi, za nchi yoyote. Maafisa wa Vandenberg, wanaofuatilia vitu zaidi ya 40,000, hupeleka tahadhari hata kwa waendeshaji wa China na Urusi. Luteni anaweza asubuhi kuwa anachunguza mwenendo wa setilaiti ya mpinzani, na mchana akamwandikia mpinzani huyo huyo kwamba kipande cha chuma kinaielekea setilaiti yake. Hakuna ukinzani hapo. Mgongano ukitokea, vipande havichagui bendera, na setilaiti ya mpinzani ikinyamaza ghafla bila maelezo, naye atajiuliza kama kuna mkono wa mtu.

Sheria imebaki nyuma. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia na za maangamizi kwenye obiti. Silaha za kawaida kwenye obiti haukuzigusa. Aprili 2022 Marekani ilitangaza kuacha majaribio ya makombora yanayovunja setilaiti, na Desemba mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuyapinga kwa kura 155. Lakini azimio linahusu makombora. Kuzuia mawimbi, kukipofusha kihisi kwa leza, kudukua modemu na kuisogelea setilaiti ya mwingine yote yako nje yake, na ndiyo yanayotokea mara nyingi zaidi. Hakuna mkataba unaotaja ni uvurugaji wa kiasi gani unaohesabika kuwa shambulio la silaha. Kanali anayeulizwa na wakubwa wake kama wajibu au wasubiri hutegemea wanasheria, kumbukumbu za matukio yaliyopita, na taarifa ya zamu aliyoiandika luteni wake.